Kwenda kuona mashamba ya chai Mufindi ukitokea Dodoma, jipange hivi usije ukaishia kupiga selfi barabarani

Sisi wa Dodoma tumezoea zabibu na ubuyu, mwezi wa sita vumbi likianza ni hilo hilo mpaka mvua za Desemba, kwa hiyo mtu akiona picha za yale mashamba ya chai yamelala juu ya vilima kijani kitupu anajua hiyo ni safari ya wazungu au ya watu wenye hela za kuchezea. Hamna. Mufindi, kule mkoa wa Iringa, ni mwendo wa basi wa siku moja na unafika jua bado lipo, lami kutoka hapa mpaka Mafinga, mji wa huko Mufindi. Kinachowaangusha wengi sio nauli wala umbali, ni kwamba wanaenda kama wanaenda mbugani. Wanatafuta geti na mtu wa kukata tiketi, hawamuoni, wanazunguka zunguka, wanapiga picha pembeni ya barabara wanarudi wakisema hakuna cha kuona. Jamani shamba la chai ni kazini kwa watu. Ukijipanga kama mgeni anayeenda kazini kwa mtu mambo yote yananyooka, na hapa ntaeleza kwa mtindo huo huo.

Cha kwanza ni siku. Watu wa ofisini tunapenda kusafiri wikendi na sikukuu, sasa Jumapili na sikukuu ndo siku ambazo wachumaji wapo kanisani au nyumbani kwao na shambani unakuta majani na ukungu tu. Chukua likizo ya siku tatu za katikati ya wiki, safiri Jumatano, shamba Alhamisi, rudi Ijumaa. Najua kuomba ruhusa kwa bosi kipindi cha Bunge la bajeti ni kujitafutia maneno, ila ndo hivyo, bora usubiri kuliko kwenda Muungano Day ukakuta kimya.

Cha pili ni msimu, na hapa watu wengi wanakosea kabisa. Mtu anasema ngoja mvua ziishe ndo niende, anaenda Julai. Julai Mufindi ni baridi ya kufa mtu, usiku inashuka chini ya nyuzi 10 na mabondeni kuna siku barafu inaunguza majani, na mmea ukiwa kwenye baridi na ukame hautoi vichipukizi haraka kwa hiyo uchumaji unapungua sana na kiwanda kinafanya kazi kidogo au siku nyingine hakiwashwi. Kazi ya chai inapamba moto wakati wa mvua, kuanzia Desemba mpaka kama Aprili hivi, kipindi hicho mti unarudiwa kuchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, magari ya majani yanapishana kutwa nzima na kiwanda kinanguruma usiku na mchana. Utalowa, ndio, na matope yapo, lakini utaona kazi yenyewe. Kama wewe shida yako ni picha za anga la bluu tu basi nenda Mei, mvua zinaelekea kukata na kijani bado kipo.

Sasa ruhusa. Mashamba makubwa, wenyeji wanaita esteti, yana meneja na yana ofisi, na ndani yake kuna barabara za shamba zenye vizuizi na walinzi. Usimfuate mlinzi ukamwambia "mkuu tunaomba tuingie kidogo", unamweka kwenye wakati mgumu bure, kazi yake ipo hatarini kwa ajili ya picha zako. Wiki mbili au tatu kabla andika barua pepe au piga simu ofisi ya shamba, sema nyie ni nani, mko wangapi, mnatoka wapi, tarehe gani, na mnataka kuona nini, shamba tu au na kiwanda. Maana kiwanda ni habari nyingine, ni sehemu ya chakula na ya mashine, wengine wanakubali shambani wanakataa kiwandani. Beba kitambulisho cha NIDA. Mkiwa kundi la kanisa au la shule andikeni barua yenye muhuri, mihuri bado inafungua milango nchi hii. Na kabla hamjalipia gari pigeni tena siku mbili kabla, kwa sababu hii sekta ya chai imeyumba miaka ya karibuni, viwanda vingine vimesimama na vingine vinawaka na kuzimika, usije ukafunga safari kwenda kuangalia boila iliyopoa.

Wakikukataa, au wasipojibu kabisa maana na hiyo ipo, usikate tamaa. Nenda kwa wakulima wadogo. Mimi ukiniuliza ntakwambia hao ndo waanze wao hata kama esteti imekubali. Wakulima wadogo waliingia kwenye chai miaka ya 1960, kabla ya hapo ilikuwa ya walowezi na makampuni, na leo unakuta mtu ana ekari moja au mbili za chai pembeni kuna mahindi, viazi na siku hizi maparachichi. Njia ni kupitia ofisi ya kijiji, unamuona mtendaji unasaini kitabu cha wageni, unaeleza shida yako, yeye au viongozi wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, watakutafutia mkulima wa kukutembeza. Salamu kwanza lakini. Kule ni Uheheni, "kamwene" inakupa tabasamu kabla hujasema lolote, na kwa mzee ukiongeza shikamoo yako hujapoteza kitu. Muda wa mtu ni mali, kwa hiyo mwisho wa matembezi mpe chochote cha maana mkononi na ununue hayo maparachichi yake, usimwachie asante tupu.

Njia yenyewe ni hivi. Panda basi la alfajiri stendi kuu ya Nanenane, la Iringa au la Mbeya linalopita Iringa. Unapita Mlowa Barabarani, Fufu, Chipogolo, joto na mibuyu, halafu unatokea bwawa la Mtera ambalo ndo mpaka wetu na Iringa. Barabara inapita juu ya tuta la bwawa, lile ni bwawa la umeme na ulinzi upo, kwa hiyo simu iache mfukoni mpaka mvuke. Pale Mtera wauza samaki watakuja dirishani na perege wa kukaanga, kula, ila kuhusu kununua wa kubeba ngoja ntarudi kwenye hilo. Baada ya Migoli ndo unaanza kupanda mlima Nyang'oro, kona juu ya kona, wenye kutapika kaeni mbele, na hapo ndo utaanza kusikia hewa inabadilika, dirisha ulilokuwa unagombania lifunguliwe sasa unaomba lifungwe. Dodoma mpaka Iringa ni kama kilomita 260. Kutoka Iringa mpaka Mafinga ongeza kama 80 nyingine kwenye barabara kuu ya Mbeya.

Lala Mafinga. Gesti zipo nyingi za bei ya kawaida, uliza yenye maji ya moto na usione aibu kuomba blanketi la pili. Kuna loji za kitalii huko ndani zenye mahali pa kuota moto na bei yake imekaa kitalii vile vile, kama umeoa juzi nenda, sisi wengine Mafinga inatutosha. Asubuhi unachukua gari za Kibao au Mgololo, coaster au Noah, au mkiwa wengi kodini gari moja ya kuwapeleka na kuwasubiri maana kurudi jioni magari yanakuwa ya kubahatisha. Unapita kwanza msitu wa kupandwa wa Sao Hill, misonobari na mikaratusi mistari kwa mistari, malori ya magogo yanakupita kwa kasi, huo ndo msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote Tanzania. Halafu ghafla miti inaisha na chai inaanza. Uko mita kama 1,800 au zaidi juu ya usawa wa bahari hapo, Dodoma tuko 1,100 na kitu, kwa hiyo ukipanda kilima ukahema usidhani umezeeka.

Mavazi: gambuti au viatu vya kushika ardhi, ule udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya. Suruali nzito, sweta, koti la mvua, soksi za akiba. Kinadada gauni refu halifai, vichaka vimebanana na umande unakulowesha mpaka mapajani ndani ya dakika kumi, ndo maana wachumaji wenyewe wanajifunga kipande cha nailoni kiunoni. Nao hawajifungi kwa urembo.

Shambani fika mapema, saa moja na nusu uwe pale. Kwanza angalia ule usawa wa juu wa vichaka, umenyooka kama umepigwa randa. Chai ukiiacha inakuwa mti mrefu kabisa, kinachoifanya ibaki kiunoni ni kupogolewa kila baada ya miaka kadhaa na kuchumwa juu kila mara, na hapo juu panaitwa meza. Sasa muangalie mchumaji mkono wake. Hachukui jani lolote, anafuata majani mawili na kichipukizi kimoja cha juu, kile kilichojikunja bado hakijafunguka, anakivunja kwa kidole gumba na cha shahada, hakwaruzi kwa kucha, na mikono yote miwili inafanya kazi kwa wakati mmoja huku macho yameshafika kichaka cha mbele. Viganja vikijaa anarusha nyuma kwenye tenga bila kugeuka. Ukiomba akuonyeshe vidole utaona vimeingia weusi wa utomvu wa majani ambao hautoki kwa sabuni. Jani lililokomaa likiingia kwenye tenga linashusha ubora, msimamizi akilikuta kuna maneno. Esteti nyingine wanatumia mashine au mikasi, hiyo ina kelele na haipendezi kutazama kama mkono lakini utaelewa kwa nini bei ya jani la mkono inatetewa sana.

Na hapa nisikilize vizuri, mchumaji analipwa kwa kilo. Kila dakika unayomsimamisha acheke na kamera umemkata hela. Kwa hiyo omba kwanza, piga picha akiwa anaendelea na kazi, na kama unataka kujaribu kuchuma (utataka tu) omba mstari ambao bado haujapitiwa na ulichochuma weka kwenye tenga lake. Usivunje matawi, usikatize katikati ya vichaka, pita kwenye njia zao. Droni usirushe bila kibali, msituponze wote.

Kaa mpaka muda wa kupima. Hii sehemu wageni wengi wanaikosa kwa sababu wameshakwenda kula, na mimi naona ndo tamu kuliko zote. Kwenye kituo cha kununulia majani, kibanda tu chenye paa na mizani imening'inia, wakulima wanaleta magunia na mifuko ya wavu, karani ana daftari, kila mtu macho kwenye mshale. Majani yaliyolowa mvua yana uzito wa maji kwa hiyo karani anakata kilo kadhaa za maji na za gunia, na hapo ndo utasikia Kihehe kimechanganyika. "Jana ulikata mbili leo tatu kwa nini, mvua ya leo ni nzito kuliko ya jana?" Karani anamwaga gunia sakafuni, anaingiza mkono chini kabisa maana juu kila mtu anapanga mazuri, anatoa jani gumu analiinua juu watu walione. Usiingilie, usicheke, wewe sikiliza. Majani yakikaa muda mrefu yamebanwa yanapata joto yanaungua, kwa hiyo gari la kiwanda likichelewa barabara ikiwa mbovu hasara inamrudia mkulima. Ukiuliza swali moja tu pale uliza gari jana lilikuja saa ngapi, utapewa somo zima la uchumi wa kijiji.

Kiwandani, kama mmepata kibali, mnaombwa kuvua saa, pete na hereni, mnavaa kofia na koti jeupe. Majani unayoyaona yanasagwa asubuhi sio yale uliyochuma wewe, ni ya jana. Yanalazwa kwanza kwenye mabeseni marefu ya wavu yenye feni kubwa inayopuliza hewa kutokea chini, yananyauka masaa kama 12 mpaka 18 hadi yanakuwa laini hayavunjiki ukiyakunja. Kisha yanaingia kwenye rola zenye meno zinazoyakata, kuyachana na kuyaviringisha, yanatoka punje punje za kijani kibichi. Sasa simama hapo hapo usiondoke, kwa sababu ndani ya saa moja au mbili zile punje zinakula hewa na unaona rangi inageuka mbele ya macho yako, kijani, kahawia, halafu wekundu wa shaba, na harufu inaacha kuwa ya nyasi inakuwa ya chai. Watu wengi hawajui kwamba chai nyeusi na chai ya kijani ni mti mmoja, tofauti ni kwamba ya kijani inapigwa joto mapema isigeuke. Baada ya hapo inaingia kwenye kikaushio, maji yanabaki kama asilimia 3, inachekechwa na kugawanywa madaraja. Kwenye magunia utaona BP1, PF1, PD, D1, hayo ni madaraja kwa ukubwa wa punje, D ni dasti ile ya vumbi inayokolea haraka. Kilo moja ya chai kavu imekula kilo nne na zaidi za majani mabichi, piga hesabu ya ile mikono ya asubuhi.

Wakikualika chumba cha kuonjea, nenda. Vikombe vimepangwa mstari, mwonjaji anachota kijiko anavuta kwa sauti kubwa fyuuu, anazungusha mdomoni anatema. Nyumbani ukinywa hivyo mbele ya wakwe umeharibu, pale ndo kazi ya mtu na kwa ile sekunde anakwambia majani yalinyauka sana au kikaushio kilizidi moto. Hakuna maziwa wala tangawizi hapo, kunywa kavu.

Kununua: uliza ofisini kama wanauza rejareja, sio wote, wengi wanafungasha magunia makubwa ya karatasi ya kwenda mnadani. Zamani chai yetu ilikuwa inapelekwa mnada wa Mombasa, tangu Novemba 2023 tuna mnada wetu Dar es Salaam. Ukipata pakiti za kiwandani chukua PF1 au BP1 kwa chai ya rangi, dasti kwa wale wa chai ya maziwa iliyokolea. Na sasa lile la samaki wa Mtera. Chai inanyonya harufu kuliko kitu chochote jikoni, kwa hiyo ukirudi na perege kwenye mfuko mmoja na chai yako utakunywa supu mwezi mzima. Chai ifunge nailoni mbili, weka kwenye begi la mgongoni, samaki wakae kwenye buti la basi. Nyumbani iweke kwenye kopo lenye mfuniko mbali na iliki na karafuu.

Ukiwa unarudi na una masaa mawili shuka Isimila kabla hujaingia Iringa mjini, kuna zana za mawe za watu wa kale na nguzo za mchanga zilizochongwa na maji, panatosha kunyoosha miguu.

Kuhusu sehemu nyingine kwa kifupi. Rungwe kule Tukuyu na Katumba chai imechanganyika na migomba na ni pazuri kuliko Mufindi, nasema ukweli, ila kutoka Dodoma lazima ulale njiani au ufike Mbeya usiku, na mvua za kule hazina adabu, beba mwavuli hata kama jua linawaka. Njombe, pande za Lupembe na Luponde, nako kuna baridi, ukiwa Mafinga tayari unaweza kuunganisha. Amani kule Muheza ndo kwenye historia, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 na chai ikajaribiwa hapo, na faida yake ni kwamba mashamba yamepakana na hifadhi ya mazingira asilia kwa hiyo hifadhi inakupa mtembezaji na utaratibu wa viingilio unaoeleweka, kwa mtu anayetaka tiketi na risiti hapo panamfaa. Lushoto watu wanaenda sana lakini Lushoto mjini hukuti chai, inabidi uende pande za Bumbuli na Mponde kupitia Soni, waambie mapema wenye gari maana wengine watakuzungusha maporomoko na kukurudisha mjini.

Tiketi ya kurudi kata siku unayofika Mafinga, sio asubuhi ya kuondoka, kwa sababu mabasi mengi yanatokea Mbeya na yanapita pale yakiwa yamejaa.